Uchafu wa Bwana Kiboko

Hadithi hiyo inakuja!

— Na ije, tumekaa!

Inakuja na mchanga miguuni!

— Na iingie, tutafagia!

Mkifagia msitupe!

— Tutachekecha!

Haya. Sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni, rudishia mlango, upepo unaniibia maneno.

Hapo kale, mto Lusangala ulipokuwa bado unapita unakotaka wenyewe, palikuwa na Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mwili mfupi, mkia mrefu, pua ndani ya mambo ya watu. Aliishi kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa, ukingoni kabisa, pale mto unapokata kona na kuacha mchanga mwingi. Ndani ya kichuguu alikuwa na watoto watatu, wamezaliwa juzi tu, macho bado hayajafunguka. Likumbukeni hilo la macho, maana ndilo lililozua yote.

Mchanga wa pale konani ulikuwa na dhahabu. Si mabonge, la hasha. Chembe, kama ulezi, na nyingine ndogo kuliko ulezi. Wanyama hawali dhahabu wala hawaivai, lakini Kunguru mchuuzi alikuwa anaihitaji huko kwake nyuma ya milima. Ukimpa mwiba wa nungu uliojaa chembe, naye alikuletea bonge la chumvi la kulamba mpaka mvua nyingine. Na Nguchiro alikuwa ananyonyesha watatu. Chumvi aliitaka kuliko alivyotaka usingizi.

Mwanzoni aliosha mchanga kwa karai tu, karai alilolichonga mwenyewe kwa kipande cha mninga. Alizungusha, akazungusha, akazungusha, mpaka mabega yakawaka moto, na jioni alipata chembe mbili. Siku nyingine moja. Siku nyingine alipata konokono.

Siku moja akiwa porini alikuta mzinga wa zamani, wa magome, ule wa kutundika mtini. Nyuki walishauhama, na Nyegere alishakula asali mpaka akalamba gome. Nguchiro akauzunguka mara tatu. Akaugonga. Gwa, gwa. Akaupasua katikati kwa urefu, akapata mfereji. Akauburuta mpaka mtoni, kwaru, kwaru, kwaru, wanyama wote wakimwangalia na kuulizana kama siku hizi mama huyu anafuga nyuki wa majini.

Akauweka mfereji wake, akamwaga mchanga, akaruhusu maji. Shwaa! Maji yakapita kwa kasi, yakabeba mchanga, yakabeba na dhahabu. Hakupata kitu. Akaushusha kidogo. Maji yakalala, mchanga ukalala, naye nusura alale. Siku ya tatu akaweka jiwe moja chini ya kichwa cha mfereji, jiwe moja tu la saizi ya ngumi yake, na maji yakaanza kuimba: chururu, chururu. Akapanga vijiti kwa upana, kimoja baada ya kingine kama ngazi. Chini ya vijiti akatandika kipande cha gunia la katani, gunia kuukuu lenye manyoya manyoya. Hilo la gunia hakufundishwa na mtu. Alikuwa amegundua kwamba kila akitoka mtoni, dhahabu iliyobaki mwilini mwake ilikuwa imenasa kwenye manyoya, si kwenye kucha. Akajiambia, basi mfereji nao uwe na manyoya.

Jioni akatoa lile gunia, akalifua ndani ya karai, akalikamua, akazungusha maji taratibu. Chini ya karai, kwenye ule weusi wa mninga, palikuwa na mstari wa njano wenye urefu wa ukope.

Alikaa chini. Akautazama mstari ule, akautazama mfereji wake, akautazama tena mstari. Roho yake ilijaa mpaka akashindwa kucheka. Akaenda kwa watoto wake wasioona, akawaambia, "Mama yenu ameunda kitu." Tangu siku hiyo akawa anafanya kazi akiimba, nanyi mtanisaidia kuuimba wimbo wenyewe. Mimi nikisema chepesi nenda, nyinyi semeni kizito baki.

Chururu, chururu, chepesi nenda!

— Kizito baki!

Chururu, chururu, chepesi nenda!

— Kizito baki!

Vizuri. Ninyi si viziwi.

Sasa, chini kidogo ya kona ile, kwenye kina, alikaa Bwana Kiboko. Bwana Kiboko alikuwa mkubwa, na alikuwa anajua kwamba ni mkubwa, na alikuwa hapendi mtu asahau. Aliposikia kwamba kamama fulani kenye mkia kanapata dhahabu pale juu, hakulala. Dhahabu hakuijua ni ya nini. Alichojua ni kwamba iko kwa mtu mwingine.

Basi akawapitia majirani wote wa mtoni, akawachukulia maboga yao, ya msimu huu na ya msimu ujao, akampa Kunguru mchuuzi, akamwambia, niletee mashine ya kuoshea dhahabu, iliyo kubwa kuliko zote. Kunguru akaileta. Yarabi, mashine ile! Chuma kitupu, rangi ya buluu, miguu minne, mkono wa kuzungusha, chujio juu, mfereji unaong'aa mpaka ukijitazama unajiona una meno. Ndani ya mfereji, kwa chini, palikuwa na zulia la kijani.

Kunguru akataka kumweleza. Akasema hapa pa kumwagia mchanga, hapa pa maji, na zulia hili, Bwana mkubwa, kazi yake ni...

"Nyamaza," Kiboko akasema. "Mimi sifundishwi kitu changu."

Kunguru akaruka zake. Maboga alikuwa ameshapokea.

Ikabaki mahali pa kuiweka. Pa kuiweka palikuwa mahali pamoja tu, konani, kwenye mchanga mzuri na maji mazuri, mbele ya kichuguu cha Nguchiro. Bwana Kiboko akapanda, gubu, gubu, gubu, akaitua mashine yake, akamwambia Nguchiro ahame. Akasema mto haukubali vitu vya kuungaunga. Akasema kuanzia leo anayetaka kuosha mchanga hapa aje na mashine ya kununua, na asiyenayo akaoshe vyombo.

Nguchiro akamwambia watoto bado hawajafungua macho, akiwatoa kwenye joto la kichuguu hawatafika popote. Kiboko akajibu kwamba yeye haoni uhusiano wowote kati ya macho ya watoto na mashine.

Hapo Nguchiro angeweza kulia, na wengi wangelia. Lakini alikuwa anautazama mzinga wake, na jinsi ulivyoinama palepale alipotaka uiname, na hasira ikampanda hadi kwenye ncha za masikio. Akasema mbele ya wanyama wote waliokusanyika kutazama mashine:

"Bwana Kiboko, weka yako, nami uniachie yangu. Siku saba. Siku ya saba kila mtu alete mwiba wake wa dhahabu. Uliojaa ubaki hapa. Usiojaa uhame."

Kiboko alicheka mpaka maji yakapanda ukingoni. Akakubali hata kabla hajamaliza kucheka.

Wakamwita Bibi Nungu awe mwamuzi. Bibi Nungu hakuwa na hekima kupita wengine, alichokuwa nacho ni miiba, na usikivu mkali, na tabia ya kukasirika akiamshwa. Walimkuta kwenye usingizi wake wa mchana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani ameniamsha?"

Wakamweleza. Akajichomoa miiba miwili minene, akaikata ncha, akampa kila mmoja wake, akasema neno atakalotamka mtu mbele yake ndilo neno lake, harudi kulimeza. Kisha akalala palepale ukingoni, jicho moja wazi.

Siku ya kwanza, Bwana Kiboko akaanza. Alichota mchanga kwa mdomo, domo zima, akamwaga juu ya mashine, akazungusha mkono. Garagara, garagara, garagara, shwaaa! Akachota tena. Domo moja la Kiboko lilikuwa kazi ya asubuhi nzima ya Nguchiro. Kufikia mchana nusu ya ufuko ilikuwa imepita ndani ya mashine, na maji yote yalikuwa tope.

Nguchiro naye huku, chururu, chururu, chepesi nenda!

— Kizito baki!

Jioni alifua gunia lake, akaumimina mstari wake wa njano ndani ya mwiba. Akapima kwa jicho. Akahesabu siku saba. Mzinga wake haukuwa na kosa, ulikuwa unashika kila chembe iliyopita. Lakini mikono yake ilikuwa midogo, na mchanga wake ulikuwa kidogo, na kwa mwendo ule siku ya saba mwiba ungefika theluthi tu. Aliingia kichuguuni, akawanyonyesha watoto, akawagusa kope zao kwa pua. Zilikuwa zimegandamana kama bahasha. Aliogopa sana jioni ile, na sitaki mtu awaambie kwamba hakuogopa.

Asubuhi ya siku ya pili akaenda kuamkia mashine ya mwenzake. Alitaka kuona inashikaje. Akakuta Kiboko amesimama kando yake na sura mbaya. Kiboko alikuwa ametazama kila mahali panapong'aa, kwenye chuma, kwenye chujio, kwenye mkono wa kuzungushia, na hakuona dhahabu. Aliona vijiganda vyeupe vyeupe vimemetameta pembeni, akaviokota, akavitia kwenye mwiba wake kwa furaha akidhani ndiyo dhahabu. Vilikuwa ulanga, ule unaomemeta kwenye mawe na hauna kazi. Halafu alitazama zulia. Zulia la kijani halikuwa la kijani tena. Lilikuwa jeusi, limelowa, limejaa tope zito.

"Kunguru ameniuzia tambara," alisema. "Wageni wanakuja kuiangalia mashine yangu wanaona uchafu huu. Naling'oa nalitupa."

Nguchiro, aliyeweka gunia kwenye mzinga kwa mikono yake mwenyewe, alijua zulia lile ni nini kabla hata hajalikaribia. Alijua dhahabu yote ya jana imelala wapi. Na alijua kwamba zulia likitupwa mtoni, au Kiboko akilitikisa ndani ya karai hata mara moja tu, basi kila kitu kimekwisha.

Akainama mpaka pua ikagusa mchanga.

"Bwana Kiboko, usilitupe. Mashine ya heshima hailali kwenye chuma kitupu. Na wewe mtu mkubwa ukionekana unafua, watasema nini? Mimi nina watoto wachanga, kufua ndiyo kazi yangu kutwa. Nipe nikufulie. Kila jioni nitakuja, nitalifua, nitalirudisha asubuhi likiwa kijani kama majani. Sitaki malipo."

Kiboko akamtazama kwa upande. Alipenda hilo neno "mtu mkubwa". Alipenda zaidi lile la "sitaki malipo".

"Na uchafu wenyewe utaupeleka wapi?"

"Nitauchukua, Bwana. Uchafu uwe wangu."

Kiboko akapaza sauti ili walioko ukingoni wasikie jinsi alivyo na dobi.

"Mmesikia? Uchafu wa zulia langu ni wa Nguchiro. Sitaki kuuona tena."

Pale ukingoni lile jicho moja la Bibi Nungu likapepesa.

Basi ikawa hivyo. Jua likiinama, Nguchiro anakuja na karai lake la mninga.

"Hodi, Bwana Kiboko. Uchafu wako uko wapi?"

"Upo palepale. Uondoe, unanitia aibu."

Naye analikunja zulia kwa ndani, taratibu kama anavyomkunja mtoto kwenye nguo, asimwage hata tone, anakwenda nalo nyumbani. Analifua. Fiku, fiku, fiku. Analikamua. Anazungusha karai. Na chini ya karai, wanangu, haikuwa tena mstari wa ukope. Ilikuwa nyusi nzima.

Siku ya tatu ikawa hivyo. Hodi, Bwana Kiboko, uchafu wako uko wapi? Upo palepale, uondoe, unanitia aibu. Fiku, fiku, fiku.

Siku ya nne ikawa hivyo. Na mchana wote, msidhani aliacha kazi yake. Alikuwa kwenye mzinga wake tangu umande haujakauka, jiwe lake chini ya kichwa, vijiti vyake vimenyooka. Wenzake wachache waliojua siri hiyo walimwambia apumzike, jioni si anapata ya bure? Akawajibu kwamba mzinga huu ndio uliomfundisha kulisoma zulia, na mwalimu hawekwi kando kwa sababu umeshajua kusoma.

Siku ya tano mambo yakataka kuharibika. Bwana Kiboko hakukaa kwenye kina kusubiri jioni. Alimfuata Nguchiro nyuma, gubu, gubu, mpaka kichuguuni, akamkuta ameinama juu ya karai, maji ndani yake meusi, na chini ya maji yale lundo la njano lingeonekana kama maji yangetulia kidogo tu.

"Mbona maji haya huyamwagi mtoni?" Kiboko akauliza.

Nguchiro hakusimamisha mikono. Aliendelea kukoroga, maji yasitulie.

"Nimwage mtoni, Bwana? Wanyama wadogo wanakunywa mtoni. Kesho watasema maji yana ladha ya uchafu wa Bwana Kiboko."

Kiboko akafikiri. Alifikiri polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Umefanya vizuri," alisema mwisho. "Ufiche kabisa."

"Nitauficha, Bwana."

Akaondoka, gubu, gubu. Nguchiro akakaa chini, akawasikia watoto wakilia njaa ndani, naye kwanza akacheka, kisha ndipo akaingia.

Siku ya sita. Hodi, Bwana Kiboko. Upo palepale. Fiku, fiku, fiku. Mwiba wa Nguchiro ukajaa siku hiyo jioni. Akauziba kwa nta ya nyuki aliyoibandua kwenye mzinga wake, na nta nyingine ikabaki, na dhahabu nyingine ikabaki pia kwenye karai.

Siku ya saba asubuhi wanyama wakajaa ukingoni. Wengine walikuja kwa sababu ya maboga yao. Bwana Kiboko alitoka majini akiwa ameoga mara mbili, mashine imefutwa, zulia la kijani limetandikwa, kila kitu kinawaka. Mwiba wake ulikuwa umejaa na kumemeta.

Bibi Nungu akaukata mwiba wa Kiboko, akamimina vilivyomo juu ya jani la mgomba. Vikamemeta, wanyama wakasema aaa. Akainamisha mdomo. Akapuliza.

Puuu.

Vyote vikapaa. Vikapita juu ya vichwa vya watu vikimemeta, vikaenda kutua kwenye matope. Jani likabaki jani.

"Dhahabu ya aina gani hii inayopulizwa ikaondoka?" Bibi Nungu akauliza.

Akaukata mwiba wa Nguchiro. Akamimina. Ikatua juu ya jani, tu, na jani likainama. Akapuliza. Haikwenda popote. Akapuliza mpaka miiba yake ikasimama. Ikakaa.

Kiboko aliona lile lundo, akaona rangi ya zulia lake, akaona karai la mninga, na polepole, kama mzigo unaofika juu ya ngazi, akaelewa. Akanguruma kwamba ameibiwa. Mashine ilikuwa yake, mchanga aliumwaga yeye, zulia lilikuwa lake, basi na dhahabu ni yake.

Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, kama wanavyosimama wao. Alisema kwamba theluthi ya dhahabu ile imetoka kwenye mzinga wake alioupasua, akauinamisha kwa jiwe na kuutandika gunia kwa mikono yake, na aliye na shaka aje aujaribu. Iliyobaki ni uchafu, na uchafu alipewa hadharani.

Bibi Nungu akajikuna.

"Neno hilo nililisikia. Lakini sikilizeni, mimi si mkatili. Bwana Kiboko, kama ulikosea, kosa linasameheka. Sema hapa mbele ya watu kwamba mashine yako umeinunua bila kujua zulia lake lina kazi gani. Sema hivyo tu, dhahabu ya zuliani nitakurudishia."

Kiboko angesema maneno yale, maneno kumi tu, na mwiba wa Nguchiro ungerudi kuwa theluthi, na kabla ya jioni watoto wangekuwa nje kwenye baridi. Nguchiro akamtazama Kiboko. Kiboko akawatazama wanyama: fungo, digidigi, mpaka na chura, wote wadogo, wote wamekodoa macho, wote wanamsubiri aseme kwamba kuna kitu asichokijua.

Kiboko akajaza mapafu.

"Nilijua," alisema. "Mimi kitu changu nakijua chote."

"Ulijua dhahabu iko kwenye zulia?"

"Nilijua."

"Na ukampa?"

"Nikampa. Mimi ni mkubwa. Wakubwa hutoa."

"Basi umetoa," Bibi Nungu akasema. "Na mwiba wako ni mtupu. Kaa salama huko uendako."

Bwana Kiboko akaibeba mashine yake ya buluu, na miguu yake minne, na mkono wake wa kuzungusha, na chujio lake. Wanyama wakampisha. Akashuka ukingo, gubu, gubu, gubu, na alipofika mbali ndipo fungo mmoja akaanza kwa sauti ndogo, na wengine wakapokea, mpaka mto mzima ukawa unaimba, ila safari hii waliuimba kinyume, na nyinyi mtauimba hivyohivyo. Chururu, chururu, kizito nenda!

— Chepesi baki!

Chururu, chururu, kizito nenda!

— Chepesi baki!

Nguchiro hakuimba nao. Aliingia kichuguuni kwake. Yule mtoto wa kwanza, jike, alikuwa amefungua jicho moja. Nguchiro akambeba kwa shingo, akamtoa nje kwenye jua, akamweka mbele ya mzinga. Kitoto kikalipepesa lile jicho lake jipya. Kitu cha kwanza kilichokiona duniani kilikuwa gome kuukuu la mti, vijiti vilivyopinda, gunia lenye manyoya, jiwe moja la saizi ya ngumi, na maji yanapita juu yake yakiimba.

"Hiki," mama yake akamwambia, "nimekiunda mimi."

Hadithi yangu nimeifua, nimeikamua, nimeianika. Iliyompendeza aivae, isiyompendeza aikunje ampelekee jirani.

Na fundisho lake, maana najua mmoja wenu ataniuliza fundisho, ni usafi. Mtazameni Bwana Kiboko. Mpaka leo anashinda kwenye kina anaoga, hana manyoya mwilini, hana vumbi, hana chembe ya kitu chochote, na ile mashine wanasema ipo naye huko chini anaisugua. Huo ndio mfano wa kuiga. Msikae mnaungaunga vitu kwa magome na mawe. Nunueni vya dukani, msiulize vinafanyaje kazi, visugueni mpaka ving'ae. Na mkimwona jirani anawaomba maji yenu machafu, mpeni yote, maskini, mhurumieni.